Kikwangulio cha Kashata

Mama yangu hutengeneza kashata za nazi ambazo wateja wapya hapa Makorora wakizionja huuliza zimekunwa kwa mbuzi gani. Hazijakunwa kwa mbuzi. Nazi ikishapasuliwa, mama hushika kizio kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia hupitisha ndani yake chuma kilichopinda, taratibu, na mnofu hutoka kwa nyuzi ndefu nyembamba zinazojikunja zenyewe. Wateja hudhani chuma hicho ni kijiko cha zamani kilichochakaa. Mimi niliyekua nikikiona najua kwamba hadi mwaka huu kilikuwa kikwangulio cha marehemu baba, na najua pia kwamba mama hapendi kuulizwa habari zake.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba moja la mkonge. Mashine zao zilikuwa za kizee, na beringi zake hazikuwa za gololi. Zilikuwa vipande viwili vya chuma vilivyochimbika kama vizio viwili vya nazi, vikifungwa pamoja vinaikumbatia shafti, na kwa ndani vimemiminiwa madini meupe laini. Beringi ya namna hiyo ikitoka kwenye mashine ya kukereza bado haijaisha. Ina vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, na lazima mtu avikwangue kwa mkono mpaka shafti ilale sawasawa pote. Mtu huyo alikuwa baba. Mimi nilikuwa mshika taa wake siku za likizo, na mkorogaji wake wa buluu, ile ile ya kufulia kanzu, niliyoichanganya na tone la mafuta ikawa uji mzito. Nadhani ndiko nilikopata ugonjwa wa vyuma. Leo nina kibanda cha kutengeneza cherehani, nina jiliwa na tupa zangu, na mwanaume akija akauliza fundi yuko wapi namwacha asimame kwanza ndipo nimjibu.

Watu wengi wakikiona kikwangulio husema ni tupa iliyoisha meno au patasi butu. Siwalaumu sana, kwa sababu baba alivitengeneza vyake kutokana na tupa kuukuu. Ukitazama karibu na mpini utaona vivuli vya meno ya tupa ambavyo jiwe halikuvifuta vyote. Alikuwa navyo vitatu. Cha bapa kilikuwa cha nyuso zilizonyooka. Cha pembe tatu, chenye ncha, kilikuwa cha kingo na mifereji. Kilichopinda, chenye mgongo wa mviringo na tumbo lililochimbwa kidogo, kilikuwa cha ndani ya beringi. Makali ya vyote hayakuwa kama ya kisu. Kisu huzama, na kikwangulio kinatakiwa kipite juu juu tu, kwa hiyo baba alikinoa kikiwa kimesimama wima juu ya jiwe la mafuta. Kisha alikiburuza polepole kwenye ukucha wa dole gumba. Kikiteleza, alirudi kwenye jiwe. Kikinasa, alitikisa kichwa akaanza kazi. Mipini ilikuwa ya mti wa mpera, na kila mmoja shingoni alikuwa ameuzungushia kamba ya katani ili usipasuke.

Alipofariki, siku ya arobaini, khitma ilipokwisha, vitu vyake viligawiwa kama ilivyo desturi yetu. Kanzu zilikwenda kwa huyu, kofia kwa yule. Ami yangu wa Mabawa alichukua kikwangulio cha bapa. Shangazi yangu wa Moa alichukua cha pembe tatu, akasema chenye ncha hakikosi kazi. Mama aliambiwa achague chochote, redio ilikuwapo, saa ya ukutani ilikuwapo, yeye akanyoosha mkono akachukua kile kilichopinda. Wazee walitazamana. Vitu vya namna hiyo vikishatolewa kwa dua, kwetu ni aibu kuvidai tena, kwa hiyo niliviaga vyote vitatu siku hiyo na nikalia zaidi kuliko nilivyolia mazikoni.

Miaka ikapita. Kisha mwaka huu, Ramadhani ikiwa inakaribia, shangazi akanitumia picha kwa simu. Ilikuwa injini ya mashine yake ya kusaga, imefunguliwa tumbo, na kitu cheupe kimechirizika ndani yake. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Imefanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Imeanza kugonga, mara moshi, mara kimya. Nduguyo anasema basi, ipakiwe kwenye lori la chuma chakavu wiki ijayo."

Nduguyo ni binamu yangu, mwanawe mkubwa. Si mtu mbaya. Anampenda mama yake na anaona amezeeka, akae chini aletewe. Hapo ndipo shangazi hakubaliani naye. Injini ile aliachiwa na mumewe, na tangu awe mjane ndiyo inayomsimamisha. Wanawake wa Moa humletea mahindi na makopa ya muhogo, humpigia hodi, humhitaji.

"Mwanangu," aliniambia, na sauti yake ilikuwa imepungua, "mashine ikiondoka nitakuwa mtu wa kuletewa sahani. Nitashukuru kila siku mpaka nife."

Niliondoka kesho yake. Nilikuta bomba la oili limeziba kwa uchafu, na beringi kubwa imekauka mpaka madini yake yakayeyuka. Shafti yenyewe ilikuwa nzima, alhamdulillahi. Nilimwambia binamu kwamba beringi inaweza kumiminwa upya, na akanitazama kama mtu anayesikiliza habari za hirizi.

"Nani anafanya hayo siku hizi?"

"Kumimina na kukereza, yuko fundi mjini. Kumalizia nitamalizia mimi."

"Kwa kutumia nini?"

Nilimgeukia shangazi nikamwomba kuazima kikwangulio chake. Nilisema kuazima makusudi. Akaingia ndani, akatoka nacho kwenye kopo la mikuki ya pweza. Alikuwa akichokolea chaza. Kamba ya katani ilikuwapo, nyeusi kabisa, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamekila chuma chenyewe mpaka pembe zote tatu zimekuwa duara zenye mashimo. Nilikiburuza kwenye ukucha kikateleza kama sabuni. Shangazi aliuona uso wangu akaanza kujitetea kabla sijasema kitu.

"Usinitazame hivyo. Kaka yangu angefurahi, chaza nilizokula kwa hiki hazihesabiki!"

Mjini, fundi wa kukereza alinifanyia kazi nzuri. Alisafisha vile vizio viwili, akamimina madini mapya, akakereza, akaacha kiasi kidogo cha kuondolewa kwa mkono. Halafu akanipa kipande cha msasa.

"Cha nini?"

"Cha kumalizia, dada. Sote ndivyo tunavyofanya."

Nilishindwa kujizuia. Nilimwambia chembe za msasa zitajichimbia kwenye yale madini laini, zikae humo, na kila shafti ikizunguka zitakuwa zinaitafuna. Alicheka akasema shafti si yake. Nilitoka pale nimekunja sura mpaka muuza maji akanipisha njia.

Ami yangu wa Mabawa ana sanduku la vyuma analolionea fahari kuliko nyumba yake. Alilimwaga lote barazani: tupa, patasi, nyundo zisizo mipini, bisibisi zilizopinda. Alikuwa hakumbuki kipi ni kipi. Nilianza kutenga. Vyenye meno nikaviweka kando. Vyenye mteremko mmoja mwishoni, hizo patasi, nikaziweka kando. Nikabaki na chuma kimoja chenye mpini wa plastiki nyekundu, na karibu na mpini nikaona vivuli vya meno.

"Ami, hiki mpini wake wa kwanza uko wapi?"

"Ulipasuka. Lakini tazama nilivyokifanya makali! Kilikuwa butu ajabu. Marehemu alikuwa fundi, lakini kunoa hakujua."

Alikuwa amekisaga kwa mteremko kama patasi, na kwa kweli kilikuwa kikali, kingeweza kuchonga mlango. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mtu mzima, ami yangu, ana miaka na furaha yake. Nilikiazima hivyo hivyo, nikaenda kukinoa upya kwenye jiwe mpaka kikasimama wima tena, na kikanifaa kwa ile midomo ya beringi inapokutana. Lakini ndani ya mviringo, chuma cha bapa hakigusi isipokuwa kwa pembe, na pembe huchimba.

Kilichobaki nilikijua kilipo. Nilikuwa nikikiona kila asubuhi uani kwetu. Nilikikwepa makusudi. Nikachukua tupa kuukuu kibandani kwangu, nikaibana kwenye jiliwa, nikawasha grenda ili nitengeneze kingine upesi. Baba alikuwa hatumii grenda kwa kazi hiyo. Alisugua chuma kwenye jiwe kidogo, akakichovya majini, akasugua tena, na alikuwa akisema chuma kisichoshikika kwa mkono mtupu kimeshaungua. Mimi nilikuwa na haraka na hasira za msasa bado zinanichemka. Cheche ziliruka, umbo likaja zuri, na ncha ikageuka rangi ya buluu kisha kijivu. Nilipokijaribu, makali yalijikunja kama bati. Nilikitupa ukutani nikakaa chini.

Nilirudi nyumbani na kile kichuma kilichoungua mkononi. Mama alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, vizio vya nazi pembeni, sinia mbele. Aliniangalia, akaangalia kichuma, akaendelea kukwangua.

"Unakitaka," alisema.

Nilikaa karibu naye. Ilibidi nimwambie ukweli wote, maana kumficha mama ni kazi bure na dhambi juu yake. Nilimwambia yale madini meupe yana risasi ndani yake, ni sumu. Kikwangulio kikishaingia humo hakirudi tena kwenye chakula. Hakuna kukiosha kwa majivu wala kukichemsha. Mara ya kwanza, kilipotoka kwa baba, kilisagwa ncha yote kwenye jiwe ndipo kikaingia kwenye nazi, na sasa hakina unene wa kusagwa tena.

Mama aliweka chini kizio kilichokwisha. Alichukua kizio kingine. Niliitazama ile kamba ya katani shingoni mwa kikwangulio, nyeupe, safi. Kila mwaka, kabla ya mwezi mtukufu, huivua ya zamani akazungusha mpya, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni kwa ajili ya usafi tu. Nilitamani niseme basi, acha, wauze hiyo injini. Nilikuwa karibu kulisema hilo.

"Ngoja nimalize sinia hili," alisema.

Alilimaliza taratibu kuliko siku zote. Alipopika sukari, akatia iliki, akamwaga na kukata, alikiosha kikwangulio, akakikausha kwa upindo wa kanga yake, akakifunga kwenye kitambaa. Nilinyoosha mkono. Akaukwepa.

"Hiki hakiendi bila mimi. Na wewe una mkono wa hasira, hukupata wa babako, umepata wa babu yako. Halafu wifi yangu asidhani ninakwenda kwa mapenzi. Tangu harusi yangu ananisema wali wangu ni bokoboko."

Tulifika Moa asubuhi, mama amevaa buibui jipya kama anayekwenda kuposa. Shangazi alimpokea mlangoni.

"Wifi! Umekuja kunizika na mashine yangu?"

"Nimekuja kukuona ukiwa hai, wifi. Ukishafariki nitamsema nani?"

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono, na nikaona macho ya shangazi yameingia maji. Alikuwa amekiona kile kitambaa.

Tuliweka vizio vya beringi juu ya gunia kivulini. Nikakoroga buluu. Nikapaka shafti safu nyembamba, nikafunga beringi, binamu akalizungusha gurudumu kubwa la injini kwa mikono, nikafungua. Ndani ya ule weupe kulikuwa na mabaka ya buluu, mawili matatu, yamerundikana upande mmoja. Hayo ndiyo yalikuwa vilima. Palipobaki peupe shafti haikugusa kabisa. Nikachukua kikwangulio kwa mama, nikaanza.

Mkono wangu uliruka. Kila nilipokivuta kiliacha mistari ya mawimbi. Nililegeza, kikateleza, nilikaza, kikachimba. Nimeona mikono ya baba ikifanya kazi hiyo mara nyingi mno, na nilikuwa najua kila kitu isipokuwa kuifanya. Binamu alikuwa amesimama amekunja mikono. Jasho lilinitiririka mpaka machoni.

"Unagombana nacho," mama alisema. "Nipe."

Alivuta kigoda. Akachukua kile kizio cha chuma kwa mkono wa kushoto, akakipakata kama anavyopakata nazi, akauliza, "Ni hapa penye rangi tu?"

"Hapo tu, mama. Peupe usipaguse."

Kiwiko chake hakikuenda popote. Kifundo cha mkono tu ndicho kilichogeuka, na kikwangulio kikapita ndani ya mviringo bila kelele, na unyuzi mwembamba wa madini ukatoka unang'aa, ukajikunja, ukaanguka kwenye gunia. Ukafuata mwingine. Binamu alikunjua mikono akachuchumaa. Shangazi alisema "Lahaula!" kwa sauti ndogo. Ule ulikuwa mgeuko wa mkono wa baba. Sikuwa nimeuona tangu afariki, na kumbe ulikuwa uani kwetu kila asubuhi, kwenye nazi.

Tulipaka, tukafunga, tukazungusha, tukafungua. Mabaka yaliongezeka na kutawanyika. Mama alikwangua, tukapaka tena. Ikaja adhuhuri tukaswali, tukala, tukarudi. Kadiri kazi ilivyokwenda mabaka yakawa madogo na mengi, mpaka mwisho kila sehemu ya vile vizio ilikuwa na vidoa vya buluu, karibu karibu, hakuna mahali palipolala peupe. Mama alivitazama muda mrefu.

"Alikuwa akifanya hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Alikuwa anarudi hasemi kitu," mama alisema. "Mimi nikidhani amechoka na mimi."

Shangazi alimwekea mkono begani.

Alasiri tulifunga injini, bomba la oili likiwa limezibuliwa na kusafishwa. Binamu akapiga hendeli. Ilikohoa, ikakataa. Akapiga tena, ikashika, ikaanza kutoa moshi na ule mlio wake wa taratibu, tu-tu-tu, na watoto wakatoka majumbani. Lakini mlio peke yake hautoshi. Tuliiacha izunguke, kwa sababu beringi mbaya hujificha mwanzoni kisha huwaka moto. Baba alikuwa akipima kwa kiganja. Nilipotaka kusogea, shangazi alinitangulia. Aliweka kiganja chake juu ya kasha la beringi, akafumba macho.

Kiganja kilikaa. Kikaendelea kukaa. Alipofumbua macho alikuwa anatabasamu na kulia kwa pamoja, wala hakuyapangusa machozi.

"Vuguvugu," alisema. "Vuguvugu tu, kama mtoto aliyeamka."

Lori la chuma chakavu lilipofika siku zile, binamu mwenyewe ndiye aliyelikabidhi vipande vya mabati na fremu ya baiskeli, akaliambia liende salama. Mashine ilikuwa inasaga. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao, na shangazi anawafokea wasisukumane.

Kikwangulio mama alinipa njiani tukirudi, kikiwa bado ndani ya kitambaa. "Sasa ni chako," alisema, akageukia dirishani.

Ramadhani hiyo alikuna nazi za kashata kwa mbuzi. Wateja walinunua, kisha wakauliza kashata zimefanya nini. Mama aliwajibu kwamba nazi za mwaka huu si nzuri. Nilikuwa namsikia nikiwa kibandani, na kila jibu lilinichoma.

Nilitafuta tupa nzuri ya zamani, yenye mgongo wa mviringo. Grenda sikuigusa. Kila siku baada ya kazi niliisugua kwenye jiwe kidogo, nikaichovya kwenye ndoo, nikaishika kwa mkono mtupu kuhakikisha inashikika, nikasugua tena. Nilichimba tumbo lake polepole. Nilichonga mpini wa mpera. Nilikuwa na hasira zangu kama kawaida, lakini sikwenda nazo kwenye lile jiwe. Kilipokwisha, Idi ikiwa imeshapita, nilikiosha, nikazungusha katani mpya shingoni, nikaenda uani nikakiweka kwenye sinia lake.

Mama alikichukua. Alitazama vile vivuli vya meno karibu na mpini, akavigusa. Kisha akafanya jambo ambalo sikujua kwamba analijua: alikiburuza polepole kwenye ukucha wa dole gumba, na kikanasa.

Alipakata kizio, kifundo cha mkono kikageuka. Unyuzi wa kwanza ukatoka mrefu, ukajikunja. Aliuokota, akautia mdomoni, akautafuna akiwa ameniangalia.

"Pasua nazi nyingine," alisema. "Hizi hazitoshi."